Kumlea Anayelea: Wajibu wa Jamii kwa Walezi wa Watoto Wenye Mahitaji Changamano

Kulea mtoto ambaye hukumzaa ni jambo ambalo aghalabu huzungumzwa uani na barazani, lakini kwa nadra sana hufika mezani pale bajeti ya halmashauri inapopangwa.

Madhumuni ya mhadhara huu ni kuonyesha kwamba mtoto mwenye mahitaji changamano, anayeishi mbali na wazazi wake, hawezi kupata nafuu ya kudumu iwapo anayemlea hapati msaada unaolingana na mzigo alioubeba. Undugu humpa mtoto mahali pa kulala na watu wa kuwaita wake, lakini undugu peke yake haumpi mlezi ujuzi wa kumhudumia mtoto mgonjwa, nauli ya kwenda kliniki, wala hati ya kumtetea mtoto huyo ofisini. Mambo hayo yanapaswa kutolewa na dola na jamii, tena kwa utaratibu, si kwa hisani. Hoja tano zitatetea msimamo huo, na baada yake yatajibiwa mapingamizi mawili.

Inafaa kwanza istilahi zieleweke. Malezi ya jamaa ni hali ambapo mtoto hulelewa na bibi, babu, shangazi, mjomba, mama mdogo, kaka au dada, mara nyingi bila karatasi yoyote, kwa makubaliano yaliyofikiwa matangani. Malezi ya kambo, kama yanavyotumika katika sheria na ustawi wa jamii, ni mpango rasmi ambapo mtoto huwekwa kwa muda katika familia iliyochunguzwa na kuidhinishwa, huku ofisi ya ustawi wa jamii ikiendelea kumfuatilia. Kafala, inayofahamika zaidi miongoni mwa Waislamu, ni dhamana ya kumlea mtoto kama wako pasipo kubadili nasaba yake. Mahitaji changamano, hatimaye, ni yale ya mwili, akili, moyo na sheria yaliyofungamana kiasi kwamba moja haliwezi kutimizwa huku mengine yakiachwa. Mtoto wa miaka tisa aliyefiwa na mama, anayeishi na VVU, aliyehamishwa shule katikati ya muhula na asiye na cheti cha kuzaliwa, ana mahitaji ya namna hiyo.

Sheria na miongozo inayotumika Afrika Mashariki imekwisha kuchagua familia kuwa mahali pa kwanza pa mtoto. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990, Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya mwaka 2009, Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka huohuo, Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 na Sheria ya Watoto ya Kenya ya mwaka 2022 zote zinaelekea upande huo, na Kenya imejiwekea mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuwarudisha watoto kutoka makao ya kulelea watoto kwenda katika familia. Mwelekeo huo ni sahihi. Hata hivyo, kumtoa mtoto makaoni bila kumwezesha anayempokea ni kuuhamisha mzigo kutoka taasisi yenye wafanyakazi na kumtwika bibi mmoja mwenye jembe.

1. Mwenendo wa mtoto ni taarifa, na mlezi anahitaji kufundishwa kuisoma

Hoja ya kwanza inahusu kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya mtoto kupitia jambo la kutisha au hasara kubwa kupita uwezo wake wa kuhimili. Mwili uliozoea hatari hukaa macho hata hatari inapokwisha: usingizi huwa mwepesi, moyo hushtuka kwa mlango uliobamizwa, na akili iliyo kazini kulinda uhai hukosa nafasi ya kushika hesabu za darasani. Kwa hiyo mtoto huonekana mkaidi, mzito wa kuelewa au mwenye hasira zisizo na sababu, ilhali sababu ipo ila haikutokea katika nyumba anamoishi sasa.

Uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba takriban wasichana watatu kati ya kumi na mvulana mmoja kati ya saba walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya kutimiza miaka 18. Maana yake ni kwamba mlezi anapompokea mtoto, huenda anaipokea pia historia ambayo hakuna aliyemsimulia.

Chukueni mfano wa mtoto anayeficha kipande cha ugali chini ya godoro. Mlezi asiyeelekezwa huona wizi na uchafu, naye huchukua fimbo. Mlezi aliyeelekezwa humwona mtu aliyewahi kulala njaa siku nyingi na ambaye bado haamini kwamba kesho kutapikwa. Wa pili humwekea bakuli lenye mfuniko mahali anapoweza kulifikia hata usiku, humwambia kwamba chakula hicho ni chake, na huvumilia wiki kadhaa mpaka tabia ile ipungue yenyewe. Vivyo hivyo kwa anayekojoa kitandani akiwa na miaka kumi, na kwa yule mkimya anayesifiwa kwa adabu huku akiwa amejifungia ndani ya nafsi yake. Methali isemayo mchelea mwana kulia hulia yeye ina hekima yake pale mtoto anapohitaji mipaka, lakini imetumiwa mno kuhalalisha kipigo, na kipigo kwa mtoto mwenye kiwewe huthibitisha hofu ileile aliyokuja nayo.

2. Maarifa ya kitaalamu yanaweza kufika nyumbani, na ushahidi upo

Wengi hudhani kwamba msaada wa kisaikolojia ni jambo la hospitali kubwa na madaktari bingwa wachache. Utafiti uliofanyika Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2020, ulionyesha njia nyingine. Watoto 640 waliofiwa na mzazi au wazazi wote, wenye umri wa miaka 7 hadi 13, walishirikishwa. Nusu yao walipata vikao 12 vya kikundi vya tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, na vikao hivyo viliendeshwa na watu wa kawaida waliofundishwa na kusimamiwa, wala si wanasaikolojia. Jambo muhimu kwa mada ya leo ni kwamba walezi nao walikuwa na kikundi chao, ambamo walijifunza kwa nini mtoto hutenda anavyotenda na namna ya kuzungumza naye kuhusu marehemu. Katika maeneo yote mawili ya Bungoma, mjini na vijijini, dalili za kiwewe zilipungua kuliko kwa watoto waliopata huduma za kawaida; huko Moshi, baada ya mwaka mmoja, makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu isiyotofautiana sana. Matokeo hayo hayasemi kwamba tiba hii inatosha kila mahali, ila yanabatilisha udhuru kwamba haiwezekani.

Maarifa hayahusu nafsi peke yake. Bibi anayemlea mjukuu mwenye mtindio wa ubongo anahitaji mtu wa kumwonyesha, kwa vitendo na katika jiko lake mwenyewe, kwamba mtoto halazwi chali anapolishwa bali hukalishwa wima kichwa kikiwa kimeegemezwa, kwamba kijiko kiwe kidogo, na kwamba tonge linalofuata lisubiri mpaka la kwanza limezwe, kwa sababu chakula kinachopita njia ya hewa humletea mtoto homa ya mapafu ambayo familia huenda ikadhani ni baridi ya usiku. Somo hilo linaweza kutolewa kwa saa chache na likaokoa maisha. Hata hivyo wako walezi wanaolea miaka mingi bila kulipata.

Mfano mwingine ni wa watoto wanaoishi na VVU. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure Tanzania tangu mwaka 2004, na watoto waliozaliwa na maambukizi sasa hukua na kubalehe. Walezi wengi huziita dawa za kifua au za damu, kwa kuogopa kwamba mtoto atatangaza siri mtaani au atamchukia mama yake aliyekwisha kufariki. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2011 unashauri mtoto wa umri wa shule ajulishwe hali yake, hatua kwa hatua, kadiri anavyokomaa. Ushauri huo ni mzuri, lakini anayepaswa kuutekeleza ni shangazi aliyeketi na mtoto jioni, naye hawezi kuutekeleza kama muuguzi wa kliniki ya tiba na matunzo alimkabidhi vidonge na tarehe ya kurudi bila kumfundisha maneno ya kuanzia. Kijana asiyejua kwa nini anameza dawa kila siku ataziacha siku atakapojiona mzima.

3. Upendo usio na kipato humchosha mlezi na kumnyima mtoto tiba

Wasikilizaji waheshimiwa, hakuna mafunzo yatakayomsaidia mlezi asiye na nauli. Mtoto mwenye mahitaji changamano hugharimu zaidi kuliko mtoto mwingine: safari za kliniki, nepi kwa mtoto mkubwa asiyejimudu, chakula laini, na siku za kazi ambazo mlezi huzipoteza akiwa kwenye foleni. Tena gharama hizi humwangukia mara nyingi mtu ambaye nguvu za kuzalisha zimekwisha kupungua.

Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983, ulijifunza somo hili mapema na kwa uchungu, kwa kuwa kizazi cha kati kilifariki na kuacha wazee na watoto. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulioanza mwaka 2003 uliamua kuwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa ajili ya wajukuu wanaowalea. Tathmini yake iliyochapishwa mwaka 2008 ilipewa jina linalotaja chumvi, sabuni na viatu vya shule, na jina hilo linaeleza vizuri fedha ile ilikwenda wapi: katika vitu vidogo ambavyo kukosekana kwake humfanya mtoto achekwe darasani na hatimaye aache shule. Mzee akipewa fedha taslimu, mtoto ndiye anayevaa.

Serikali nazo zimepita njia hiyo. Kenya ilianza mwaka 2004 kuzipa fedha taslimu kaya zinazolea yatima na watoto walio katika mazingira hatarishi. Zanzibar ilianzisha mwaka 2016 Pensheni Jamii kwa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, kwa kuanzia na shilingi 20,000 kwa mwezi. Na Tanzania ilianzisha mpango wa kunusuru kaya maskini kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF). Kasoro iliyobaki ni kwamba mipango hii hupima zaidi umaskini wa kaya au umri wa mzee, na mara chache hupima uzito wa malezi yenyewe. Shangazi mwenye miaka 45 na biashara ya maandazi, anayemlea mtoto asiyeweza kutembea, huenda akakosa sifa za mpango wowote, ingawa biashara hiyo hufungwa kila mara mtoto anapougua.

4. Mlezi asiye na hati hana sauti

Hoja ya nne ni ya kisheria. Mlezi wa jamaa hutambuliwa na mtaa mzima, lakini akifika hospitalini kutia saini ya upasuaji, shuleni kuomba uhamisho, au mahakamani kudai mirathi ya mtoto, huulizwa yeye ni nani. Wazazi waliofariki bila vyeti vya vifo humwachia mtoto tatizo linalojitokeza baada ya miaka mingi, kwa mfano anapofaulu kwenda chuo kikuu na Bodi ya Mikopo kumtaka athibitishe uyatima wake kwa vyeti vilivyohakikiwa. Miaka hiyo yote mlezi alidhani kwamba kaburi lilikuwa ushahidi wa kutosha.

Urithi nao ni sehemu ya mahitaji ya mtoto, kwa kuwa shamba au nyumba ya wazazi ndiyo mtaji wake wa baadaye, na wako jamaa wanaogombania mali huku wakimkimbia mtoto. Kwa upande wa kafala, mtoto anayelelewa harithi kwa mlezi kwa sababu tu ya kulelewa, lakini sheria ya Kiislamu inaruhusu wasia usiozidi theluthi moja ya mali, na mashehe wanaweza kufanya jambo kubwa kwa kuwakumbusha walezi kuandika wasia huo wakiwa hai na wenye afya.

Kinachohitajika si kila bibi kupelekwa mahakamani ili aruhusiwe kumpenda mjukuu wake. Kinachohitajika ni hati nyepesi, itolewayo karibu na nyumbani baada ya ofisa ustawi wa jamii kuthibitisha hali ya mtoto, na inayokubaliwa na hospitali, shule na ofisi za usajili. Usajili wa vizazi vya watoto wa chini ya miaka mitano ulipopelekwa kwenye ofisi za kata na vituo vya afya Tanzania Bara, ilidhihirika kwamba huduma ya karatasi inaweza kumfuata mwananchi badala ya mwananchi kuifuata mjini.

5. Mlezi naye ni mfiwa, huchoka, na huzeeka

Mara nyingi hali ya mlezi husahauliwa kwa sababu macho yote yamemwelekea mtoto. Bibi anayempokea mjukuu yatima amemzika binti yake wiki hiyohiyo. Anatakiwa amfariji mtoto kabla hajaupata muda wa kulia mwenyewe. Mlezi wa kambo naye huombwa afungamane na mtoto kwa moyo wote, kisha amwachie siku atakaporejeshwa kwa jamaa zake, na pengine hakuna anayerudi kumuuliza usingizi wake ukoje.

Utafiti mashuhuri wa Bucharest, Romania, ulioanza mwanzoni mwa miaka ya 2000, unafaa kutajwa hapa. Ulihusisha watoto wadogo 136 waliokuwa wakiishi katika taasisi, baadhi wakabaki huko na wengine wakapelekwa kwa walezi wa kambo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kihisia, hasa waliohamishwa kabla ya kutimiza takriban miaka miwili. Matokeo hayo hunukuliwa sana kuonyesha ubora wa familia, lakini sehemu moja hunukuliwa kwa nadra: walezi wale walilipwa, na walitembelewa mara kwa mara na maofisa ustawi wa jamii waliowashauri. Familia iliyoponya ilikuwa familia iliyosaidiwa.

Msaada kwa mlezi mwenyewe una sura tatu. Ya kwanza ni kikundi cha walezi wanaokutana na kusemezana, ambacho kinaweza kuunganishwa na vikoba vilivyopo tayari. Ya pili ni mapumziko, yaani mtu aliyefundishwa kumshika mtoto siku moja moja ili mlezi aende hospitalini kwa ajili yake mwenyewe, au alale tu. Ya tatu ni mpango wa urithi wa malezi: mzee wa miaka 72 anayemlea mtoto wa miaka minne anapaswa kusaidiwa kumtaja mapema atakayepokea kijiti, na mtoto ajengewe mazoea na mtu huyo, ili asipatwe na msiba mara ya pili na kubaki bila mtu. Mkono mmoja haulei mwana, na mkono mmoja ulio mzee ndio kabisa.

Mapingamizi mawili

Wako wanaohofia kwamba kumlipa jamaa anayelea kutageuza undugu kuwa ajira na kuwavutia walaghai. Hofu hiyo inastahili jibu. Ruzuku inayofidia gharama halisi za mtoto haiununui upendo, bali huuondolea kikwazo. Na zipo familia ambamo mtoto mwenye ulemavu hukataliwa na jamaa wenye uwezo na kupokewa na jamaa maskini kuliko wote, hivyo kukataa ruzuku ni kumwadhibu aliyekubali. Ulaghai huzuiwa kwa kutembelea nyumba na kumsikiliza mtoto, si kwa kuwanyima walezi wote.

Pingamizi la pili linatoka upande wa pili: kwamba nyumba ya jamaa si salama siku zote, kwa kuwa mtoto anaweza kuitwa ndugu na kufanywa mtumishi, au kudhulumiwa na yule aliyeaminiwa. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu msaada na ufuatiliaji havitenganishwi. Ofisa anayefika nyumbani akiwa na ushauri na fedha hufunguliwa mlango, naye huona mengi ambayo asingeyaona kama angekuja kupekua tu. Namba 116 ya simu ya msaada kwa watoto, inayotumika Tanzania na Kenya, ifahamike kwa mtoto na kwa mlezi pia, kwa kuwa naye anahitaji pa kupiga usiku anapohisi kwamba uvumilivu wake unakaribia kwisha.

Mustakabali

Mabibi na mabwana, kifungu cha 94 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania kinazipa serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa mtoto katika maeneo yao. Kwa hiyo hatua za miaka michache ijayo zinaweza kutajwa bila kusubiri sheria mpya. Kila kata iwe na orodha ya walezi wa jamaa na wa kambo, sambamba na ile ya watoto walio katika mazingira hatarishi. Kila kliniki inayomhudumia mtoto mwenye maradhi sugu au ulemavu itenge muda wa kumfundisha mlezi, na muda huo uhesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Mipango ya ruzuku iongeze kigezo cha uzito wa malezi. Vyuo vya ustawi wa jamii vifundishe malezi ya jamaa kama somo lenye uzito wake, kwa kuwa huko ndiko waliko watoto wengi zaidi. Misikiti na makanisa, ambayo huwafahamu walezi kwa majina, yaanzishe mapumziko ya walezi pasipo kungoja mfadhili.

Walezi waliopo katika ukumbi huu wamekwisha kutimiza sehemu yao, tena kwa miaka. Sehemu iliyobaki ni ya wanaopanga matumizi ya fedha za umma. Katika kikao cha bajeti kijacho cha kila halmashauri, diwani mmoja na asimame aulize ni kiasi gani kimetengwa kwa ajili ya walezi wa watoto wenye mahitaji changamano, na asikubali kuketi mpaka ajibiwe kwa tarakimu.